Jinsi ya kupima ahadi za upinzani kuhusu Nairobi kabla ya Agosti 2027

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na wanaotaka kuingia City Hall (makao ya serikali ya kaunti) wameshaanza kuzunguka mitaani na maneno yao, taka zitaisha, maji yatatoka kila siku, kanjo (askari wa kaunti) hawatamwaga tena mboga za mama wa watu, jam itapungua, mto utakuwa safi. Niseme mapema, mimi napenda upinzani wenye nguvu kwenye jiji kuu, manake gavana asiye na mtu wa kumsumbua anajisahau haraka sana. Ndio maana nataka tuwaulize maswali magumu saa hii wakiwa bado wanatuhitaji, sio 2029 wakishabadilisha namba za simu. Hapa nakuonyesha njia ya kufanya hivyo, na unahitaji kalamu, simu yenye bando kidogo, na jioni moja ambayo hujachoka sana.

Anza kwa kutafuta manifesto yenyewe. Bango halitoshi, video ya dakika moja haitoshi, hata hotuba ya Kamukunji haitoshi, tafuta ile karatasi nzima, na kama chama hakina ya Nairobi pekee wana ya taifa tu basi hilo ni jibu tosha kuhusu jinsi wanavyolichukulia hili jiji. Ukiipata chukua kalamu ukate kila sentensi inayosema tutahakikisha, tutaboresha, tutaweka mikakati, tutashirikiana na wadau. Usibishane nayo, kata tu uendelee. Bakisha zile zenye kitu unaweza kwenda kuangalia kwa macho, yaani mahali, idadi na muda. "Tutaboresha huduma za afya" hiyo kata, lakini "tutaongeza vitanda vya wajawazito Pumwani na tutaanza mwaka wa kwanza" hiyo bakisha. Nakuhakikishia kurasa nyingi zitabaki na mistari miwili mitatu tu, usishtuke, hiyo mitatu ndiyo kazi yako kuanzia hapa.

Halafu kila ahadi iliyobaki uiulize, hii ni kazi ya nani? Jibu liko kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni kurasa chache tu na hazina maneno magumu. Kaunti imepewa zahanati na hospitali zake (Mama Lucy, Pumwani, Mbagathi), barabara za kaunti, taa za barabarani, parking, usafiri wa umma, masoko na leseni, taka, maji na maji taka, mitaro ya maji ya mvua, zimamoto, chekechea, vyuo vya ufundi vya mtaani, na upangaji wa jiji. Serikali kuu imebaki na polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, hospitali za rufaa kama Kenyatta, na barabara kuu. Sasa mgombea ugavana akikuahidi usalama Eastleigh usiku, muulize polisi atawaamuru vipi. Taa anaweza kuweka, na taa ni sehemu kubwa ya usalama, lakini OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hapokei amri kutoka City Hall. Akikuahidi kuondoa jam Mombasa Road na Thika Road muulize hivyo hivyo, hizo ni za KeNHA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara kuu, na barabara nyingine nyingi unazozidhania za kaunti ziko chini ya KURA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara za mijini, na Expressway ile ya kutoka Mlolongo hadi Westlands ni mkataba wa serikali kuu na kampuni iliyoijenga.

Kama wewe ni mtu wa Thika Road unakumbuka ile mistari myekundu iliyopakwa 2018 na maneno BRT pale chini, mabasi ya kasi yanakuja, madereva wakaambiwa ile leni ijiandae. Watu waliokuwa wakisubiri matatu pale Roysambu wakatazama mistari ikifutika na mvua na matairi, mabasi hayakuja. Ule haukuwa mradi wa kaunti, ulikuwa wa serikali kuu, na ndio sababu kila mgombea wa jiji anayetaja BRT lazima akwambie yeye mkono wake uko wapi kwenye huo mradi. Kuna NaMATA, ile mamlaka ya usafiri ya Nairobi na kaunti jirani, na hapo gavana anakaa mezani pamoja na wengine. Mezani ni sawa, lakini meza ina wenyewe wengi.

Na hili ndilo swali ambalo kwa chama cha upinzani ni zito kuliko kwa wengine wote. Gavana wa upinzani anaweza kujikuta jiji ni lake na Ikulu ni ya wenzake. Nairobi tumeshaishi hivyo. Evans Kidero alishinda ugavana 2013 kwa tiketi ya ODM na Ikulu ikawa ya Jubilee, na miaka ile mitano tulisikia mivutano ya barabara ni za nani na pesa ziko wapi. Zamani zaidi, uchaguzi wa 1992 upinzani ulibeba viti vya Nairobi vyote isipokuwa kimoja, wakachukua na baraza la jiji, lakini sheria ya serikali za mitaa ya wakati huo ilimpa waziri nguvu nyingi mno juu ya baraza, kwa hiyo meya alikuwepo na mamlaka yalikuwa kwingine. Katiba mpya imebadilisha hilo, gavana wa leo ana ulinzi ambao meya wa 1993 hakuwa nao, ila bado kuna Kifungu cha 187 kinachoruhusu kazi za kaunti kuhamishwa kwa makubaliano, na tuliona tarehe 25 Februari 2020 pale Ikulu gavana Mike Sonko alipotia saini, afya, usafiri, ujenzi na upangaji wa jiji zikaenda serikali kuu, NMS, ofisi ya kuendesha huduma hizo za jiji, ikaundwa chini ya Jenerali Mohamed Badi. Kwa hiyo muulize mgombea wako wa upinzani moja kwa moja, ukibanwa pesa na Hazina na ukaletewa karatasi kama ile utasaini? Akisema hapana muulize atalipa vipi mishahara mgao ukichelewa miezi mitatu. Akisema ndiyo, basi ujue unayempigia kura anaweza asiwe ndiye atakayekuongoza.

Sasa tuchukue ahadi moja tuifungue mpaka ndani, na mimi nachagua taka kwa sababu hakuna mgombea anayeiruka na hakuna inayoahidiwa kwa wepesi kama hiyo. "Tutasafisha jiji ndani ya siku 100." Tufuate taka yenyewe, toka mlangoni kwako Pipeline ama Umoja. Wewe unalipa vijana wa mtaa kila mwezi, wanakuja na mkokoteni wanachukua yale magunia, wanapeleka kwenye pointi ya kukusanyia ambayo mara nyingi ni kona ya barabara tu ama kando ya mto. Kutoka hapo sasa ndio lori la kaunti ama la kontrakta linabeba mpaka jaa la Dandora, linapimwa uzito, na kontrakta analipwa kwa tani. Umeona pale inapokwama? Kaunti isipomlipa kontrakta anapaki malori, na wale vijana wataendelea kuleta kwa sababu wewe umewalipa, kona inajaa, mvua inanyesha, uchafu unaingia kwenye mtaro, mtaro unaziba na maji yanaingia nyumba za chini. Mvua hiyo hiyo inafanya njia za ndani ya jaa la Dandora kuwa tope, malori yanapanga foleni, safari tatu kwa siku zinakuwa moja. Jiji linatoa zaidi ya tani 2,000 kwa siku, na Dandora yenyewe ilitangazwa imejaa tangu 2001. Tangu 2001! Watoto waliozaliwa mwaka huo wamepiga kura ya 2022 na jaa ni lile lile, na wanaoishi Dandora na Korogocho wanavuta ule moshi usiku na mchana, hili jambo linaniuma sana.

Kwa hiyo mwenye kuahidi siku 100 anatakiwa ajibu, malori ni ya nani, kontrakta anayedai tangu utawala uliopita analipwa kwanza ama anasubiri, jaa la pili linaenda wapi (Ruai ilishatajwa zamani ikapingwa kwa sababu ndege wanaofuata taka ni hatari kwa ndege za uwanja wa JKIA), na lini tutaanza kutenganisha taka za jikoni na zingine, manake Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inasema hivyo na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia. Sehemu kubwa ya taka za Nairobi ni mabaki ya chakula, zikiozeshwa kuwa mbolea hazihitaji kufika Dandora kabisa. Chama ambacho kimeandika wodi ambazo vituo vya kuchambulia vitajengwa na kikasema wale vijana wa mkokoteni watakuwa na nafasi gani humo ndani, hicho kimefikiria. Kinachosema tu kitaleta kiwanda cha kugeuza taka kuwa umeme kiulize hicho kiwanda kimeahidiwa mara ngapi na nani atanunua huo umeme kwa bei gani.

Kuna jambo la Februari 2025 lisisahaulike, kaunti na kampuni ya umeme wakigombania madeni, umeme wa City Hall ukakatwa, malori ya kaunti yakaenda kumwaga taka mbele ya Stima Plaza, makao ya hiyo kampuni. Madeni yakishafika hapo anayeumia ni wewe unayepita Ngara ukiziba pua, na hapo ndipo tunaingia kwenye pesa.

Hesabu ya pesa watu wanaikimbia na ni rahisi tu. Bajeti ya Nairobi kwa mwaka ni zaidi ya bilioni 40 kwa makaratasi. Mgao wa serikali kuu kwa mwaka 2022/23 ulikuwa kama bilioni 19. Inayobaki ni ya kaunti kukusanya yenyewe, rates za ardhi, parking, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, na hapo lengo huwekwa karibu bilioni 20 na inayopatikana ni pungufu mno, mwaka 2023/24 ilikuwa kati ya bilioni 12 na 13. Tayari kuna shimo. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 iende maendeleo, basi fanya hivi, chukua bilioni 40, asilimia 30 ni bilioni 12, gawa kwa wodi 85, unapata kama milioni 141 kwa wodi. Hiyo ni kama pesa yote imeingia na kama hakuna mtu amegusa hata shilingi, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mara nyingi Nairobi haifiki hiyo 30. Weka sasa madeni ya makontrakta na wengineo, ambayo ripoti za 2024 zilikuwa zinayaweka zaidi ya bilioni 100, Nairobi ikiongoza kaunti zote.

Sasa rudi kwenye manifesto yako, ona wameahidi soko, uwanja, zahanati, social hall na barabara ya lami kwa kila wodi, halafu uangalie ile milioni 141. Siwaambii wote ni waongo, nasema waandike kipi kitatangulia. Na waandike pesa mpya zinatoka wapi bila kumkamua yule yule anayelipa leseni ya kibanda. Majibu ya maana yapo, kwa mfano rates zilikuwa zinatozwa kwa makadirio ya thamani ya ardhi ya miaka ya 80 mpaka juzi juzi tu, na serikali kuu yenyewe ina ardhi na majumba mengi hapa jijini ambayo inatakiwa kuyalipia na kaunti imekuwa ikidai miaka na miaka. Chama cha upinzani kikiahidi kudai hiyo pesa mahakamani na kikataja kitaitumia wapi, mimi nawapa alama. Kikiahidi kupunguza parking na rates na leseni zote kwa pamoja na papo hapo kuajiri madaktari na walimu wa chekechea, waulize hapo hapo kwenye mkutano, kwa heshima, mheshimiwa hesabu yako inafungaje?

Kuhusu muda, hii ndiyo sehemu ambayo wengi hawaambiwi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Gavana mpya anaapishwa mwisho wa Agosti hivi, 2022 ilikuwa tarehe 25, kwa hiyo anakuta bajeti imeshapitishwa na bunge la kaunti lililopita na ndiyo atakayotumia mpaka Juni 2028, akitaka kuibadilisha lazima apeleke bajeti ya nyongeza kwa MCA, wale wawakilishi wa wodi. Bajeti yake mwenyewe ya kwanza inaanza Julai 2028. Mtu akikwambia siku 100 atajenga, jua ama hajui ama anajua na hakwambii. Siku 100 zinatosha kuzibua mitaro, kuwasha taa zilizozimika, kusimamisha kanjo kupiga wachuuzi, kutangaza orodha ya madeni yote hadharani ni nani anadai nini, na dawa kufika zahanati kama fungu lake lipo. Hizo ni ahadi nzuri za siku 100 na ningependa kuona chama kinazitoa hivyo hivyo bila kujiongezea.

Tena angalia mpangilio wa kazi. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, asubuhi hiyo watu walitembea kutoka Muthurwa na Ngara na kwingineko na mizigo kichwani, wazee, wajawazito, wenye magongo, na agizo likasimamishwa karibu mara moja. Wazo la kupunguza matatu CBD lenyewe si baya, lakini hakukuwa na jinsi ya kumfikisha abiria kazini kutoka pale anaposhushwa. Ahadi yoyote ya kuhamisha watu, iwe matatu, iwe wachuuzi, iwe waliojenga kando ya mto, isome ukitafuta sentensi moja tu, wataenda wapi na hapo mahali patakuwa tayari kabla ya siku ya kuhamishwa? Mafuriko ya 2024 yaliwakuta watu Mathare, na waliponusurika maji wakakuta matingatinga. Kama hiyo sentensi haipo, hiyo ahadi ni ya kumfurahisha mwenye gari.

Maji nitayapitia haraka. Mengi yanatoka Ndakaini, Murang'a, bwawa na yale mabomba makubwa yako chini ya shirika la serikali kuu, kaunti ina kampuni ya kusambaza. Kwa hiyo ahadi ya kaunti iwe ya mabomba yanayovuja, mita, ratiba ya mgao wa maji kufuatwa, na vibanda vya maji mitaani kuuza kwa bei iliyobandikwa. Bwawa jipya ni mazungumzo marefu na kaunti nyingine.

Usimpime gavana peke yake pia. Bajeti inapita kwa MCA, na 2022 tuliona gavana ametoka UDA, chama cha Ikulu, na bunge la kaunti wengi wakawa Azimio, upande wa upinzani. Kama chama kinataka ahadi zake zipite kiangalie kimesimamisha nani kwenye wodi yako. Muulize mgombea MCA wa chama hicho hicho ahadi tatu za manifesto ya gavana wake azitaje. Wengi hawajaisoma, na wewe hapo umeshapata habari muhimu sana.

Namna ya kuuliza mkutanoni nayo ina utaratibu wake. Swali liwe moja, fupi, lenye jina la mahali. "Mtaro wa barabara yetu kutoka stejini mpaka shuleni utazibuliwa mwezi gani na ni fungu gani la bajeti?" Usianze na hotuba, ukianza na hotuba watakukatiza maiki. Mwambie jirani arekodi kwa simu, jibu likitoka liandikeni na tarehe, mlitume kwenye grupu ya ploti ama ya mtaa ili isiwe ni ya mtu mmoja. Ukiona vijana wa mgombea wanaanza kukuzonga ondoka taratibu, swali unaweza kulituma pia kwa ofisi yao kwa maandishi.

Wakishinda sasa, fungua kalenda. Mpango wa miaka mitano wa kaunti, CIDP, uliopo unaishia 2027, mpya ni wa 2028 mpaka 2032, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inasema pesa za umma hazitengwi nje ya mipango. Maana yake ahadi isipoingia CIDP haina pesa, hata kama gavana aliitaja mara mia. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu huo mpango vitaitishwa baada ya uchaguzi, tangazo hutoka gazetini na kwenye tovuti ya kaunti na mara nyingi siku chache tu kabla, kwa hiyo mwambie MCA na mzee wa mtaa wakujulishe. Mpango wa mwaka unatakiwa uwe bungeni kufikia 1 Septemba, karatasi ya sera za fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Ziandike kwenye simu na kengele kabisa.

Ukitaka karatasi ukanyimwa, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, andika ombi kwa katibu wa kaunti, sio lazima ueleze unaitakia nini, wana siku 21 za kukujibu, wakinyamaza peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na kama rasimu ya CIDP imetoka na mtaro wenu haumo, andikeni memoranda majirani kumi ama ishirini mkiweka majina na sahihi, mtaje barabara, mtaje ukurasa wa manifesto ulioahidi, mpeleke nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti, moja abaki nayo na ya pili agonge muhuri wa kupokea murudi nayo nyumbani.